Maswali ya Wasomaji: Ngome za Zege Zilizoachwa Ufukweni

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja. Wasomaji wanne, watatu wanaoishi Ulaya na mmoja wa Mombasa, wamekutana na mabaki ya ngome za Vita Vikuu vya Pili wakiwa katika matembezi yao ya kawaida, nao wanataka kuelewa walichokiona. Tumezipanga kwa namna ambayo jibu la kwanza litarahisisha kuelewa yanayofuata.

*Ndugu Mhariri, mimi ni Mkongomani ninayeishi Caen, kaskazini mwa Ufaransa. Majira ya joto nilitembea na mke wangu na watoto kwa njia ya juu ya majabali kutoka Arromanches hadi Longues-sur-Mer, tukakuta vyumba vikubwa vya zege vyenye mizinga inayoelekea baharini. Juma lililofuata tulikwenda Saint-Laurent, na huko chumba cha mzinga kimeigeuzia bahari ubavu, mzinga wenyewe ukitazama mchangani. Mwanangu wa kiume aliniuliza kama mafundi walikosea. Tuliona pia mashimo ya mviringo ardhini, kila moja likimtosha mtu mmoja. Yalikuwa ya nini? — K. M., Caen*

Ndugu K. M., mwambie kijana wako kwamba ameuliza swali ambalo kila anayezuru ngome hizi angepaswa kuanza nalo, kwa sababu upande unaotazamwa na dirisha la mzinga ndio unaoeleza waliojenga, yaani Wajerumani walioikalia Ufaransa wakati wa vita, walimwogopa nani, na walidhani angefika kwa njia gani. Mafundi hawakukosea mahali popote kati ya hapo pawili. Walikuwa na kazi mbili tofauti.

Kazi ya Longues-sur-Mer ilikuwa kupiga meli. Mizinga yake minne, yenye mdomo wa milimita 150, ilitengenezwa kwa ajili ya manowari kabla ya kuletwa nchi kavu, na iliweza kufikisha makombora umbali wa takriban kilomita 20. Kwa sababu ngome hiyo iko katikati ya fukwe mbili zilizoteuliwa na majeshi ya Washirika, yaani Waingereza, Wamarekani na wenzao, ili washuke nchi kavu mwezi Juni 1944, ule wa Omaha upande wa magharibi na ule wa Gold upande wa mashariki, iliweza kuzitishia meli za pande zote mbili. Mpiga mzinga hakuwa na haja ya kumwona adui kwa macho yake. Bila shaka mlipofika ukingoni mwa jabali mliliona jengo jingine, la ghorofa mbili, lenye mwanya mrefu na mwembamba unaotazama bahari. Hicho ndicho kilikuwa kituo cha uangalizi. Wapima masafa walikaa humo, wakakadiria umbali na mwendo wa meli, kisha hesabu ikapelekwa kwa simu kwenye mizinga iliyokuwa kiasi cha mita 300 nyuma yao. Mpango huo ulikuwa na akili nyingi na udhaifu mmoja mkubwa, nao ni waya. Mabomu yaliyodondoshwa na ndege kabla ya alfajiri ya tarehe 6 Juni 1944 hayakuvivunja vyumba vya mizinga, lakini yaliharibu mawasiliano kati ya macho na mikono ya ngome, na tangu hapo wapiga mizinga walifanya kazi karibu kwa kubahatisha. Hata hivyo waliendelea kupiga siku ile, wakijibizana na manowari za Kiingereza Ajax na Argonaut, hadi jioni mizinga iliponyamaza. Kesho yake askari 184 waliokuwamo, wengi wao si vijana tena, walijisalimisha kwa Waingereza.

Mtakuwa mmeona pia kwamba kimojawapo cha vyumba vile vinne kimepasuliwa vibaya kwa mlipuko, ilhali vingine vimebaki na mizinga yake ndani. Hilo ni jambo la nadra mno. Katika pwani yote ya Normandy, Longues ndiyo ngome kubwa ya kupigia meli ambayo bado ina mizinga yake mahali pake, na kwa sababu hiyo serikali ya Ufaransa iliitangaza kuwa mnara wa kihistoria mwaka 2001.

Saint-Laurent ni habari nyingine, na kwa maoni yangu inatisha zaidi, ijapokuwa chumba chenyewe ni kidogo na mzinga wake ni wa milimita 50 tu. Hapo adui aliyesubiriwa hakuwa meli bali mtu anayeshuka kwenye mashua, maji yakiwa kifuani, mzigo ukiwa mgongoni. Wajerumani walijua kwamba kabla ya mashua kufika, manowari zingeupiga ufuo kwa makombora kutoka baharini, na dirisha lolote linalotazama bahari lingekuwa la kwanza kulengwa. Kwa hiyo walijenga ukuta mnene wa zege, wa mita mbili hivi, upande wa bahari, wakauendeleza mbele kama bawa ili uufiche mdomo wa mzinga pamoja na mwako wake, kisha wakaliweka dirisha ubavuni. Mzinga haukuweza kuipiga meli, wala meli haikuweza kuuona mzinga. Ulichoweza ni kuusafisha ufuo kwa urefu wake, kutoka upande mmoja hadi mwingine, huku mzinga mwingine wa namna hiyohiyo ukipiga kutoka upande wa pili, mistari ya risasi ikipishana juu ya mchanga. Mkirudi, msimame nyuma ya dirisha lile na mtazame nje. Mtaona mchanga mtupu na ukingo wa maji, hakuna zaidi. Siku ya tarehe 6 Juni Wamarekani zaidi ya 2,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea katika ufuo huo wa Omaha, na sehemu kubwa ya maelezo ya idadi hiyo imo katika mwelekeo wa madirisha kama hilo.

Mashimo ya mviringo yalikuwa vituo vya askari mmoja au wawili. Chini kuna chumba kidogo cha zege, na juu, sawasawa na uso wa ardhi, kuna tundu ambalo askari alitokeza kichwa na mabega akiwa na bunduki ya rashasha. Wajerumani walijifunza mtindo huo barani Afrika, kwenye ngome ambazo Waitaliano walikuwa wamezijenga kuuzunguka mji wa bandari wa Tobruk nchini Libya, na hata leo wataalamu huyaita mashimo hayo Tobruk. Yamesambaa kwa wingi kutoka Norwei hadi mpaka wa Hispania, kwa kuwa yalihitaji zege kidogo na yalikuwa magumu sana kuonekana kutoka angani.

Ukipata nafasi nyingine, tazama juu ya mapaa. Utaona vyuma vilivyopindwa kama kulabu, ambavyo vilitumika kufungia nyavu za kuficha jengo. Tazama pia mlango wa nyuma, ambao mara nyingi una tundu dogo pembeni yake la mlinzi aliyeelekeza bunduki kwa yeyote anayekaribia. Jengo la namna hii lilimwogopa hata mtu anayetoka upande wa nchi kavu.

*Mhariri mpendwa, mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi Southampton. Nilisafiri na wenzangu hadi kisiwa cha Alderney, katika visiwa vya Mlango wa Bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Kisiwa ni kidogo sana lakini zege ni nyingi ajabu. Kila mtu alizungumzia uhandisi wa Wajerumani. Mimi niliziona alama za mbao ukutani nikajiuliza ni nani aliyezibeba. — Dada R., Southampton*

Dada R., nashukuru kwamba uliuliza, kwa sababu swali lako mara nyingi hupitwa na watembeaji wanaovutiwa na unene wa kuta. Zile alama za mbao ni za fomu iliyoshikilia zege mpaka ikauke, na palipo na fomu palikuwa na mtu aliyeisimamisha, mtu aliyefunga nondo, na mtu aliyepandisha kokoto na saruji kwa toroli au kwa mabega.

Amri ya kuigeuza pwani yote ya magharibi ya Ulaya kuwa ngome ilitiwa saini na Hitler mwezi Machi 1942. Kazi ilikabidhiwa shirika la ujenzi lililoanzishwa na mhandisi Fritz Todt, ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa katika ajali ya ndege mwezi uliotangulia, na wizara yake ikarithiwa na Albert Speer. Wajerumani katika kazi hiyo walikuwa wachache, na zaidi walikuwa wasimamizi na mafundi. Waliobeba mzigo walikuwa watu wa mataifa mengine, na hali zao hazikufanana. Kulikuwa na makampuni ya ujenzi ya Kifaransa yaliyolipwa na kupata faida, jambo ambalo Ufaransa ilichukua muda mrefu kulizungumza waziwazi. Kulikuwa na vibarua waliokuja kwa sababu ya mshahara. Kulikuwa na vijana waliolazimishwa na sheria ya kazi ya lazima ya tarehe 16 Februari 1943, na Wahispania waliokimbia utawala wa kidikteta wa Franco nchini kwao wakajikuta mikononi mwa utawala mwingine uliokuwa mkali zaidi. Na kulikuwa na watu waliochukuliwa kama watumwa.

Alderney ndipo mahali ambapo kundi hilo la mwisho linaonekana kwa uwazi kuliko sehemu nyingine zote za ardhi ya Uingereza. Wenyeji wake karibu wote walihamishwa mwezi Juni 1940, kabla ya Wajerumani kuingia, hivyo kisiwa kikabaki bila macho ya jirani. Zikajengwa kambi nne, zikapewa majina ya visiwa vya Ujerumani: Norderney, Borkum, Helgoland na Sylt. Hii ya mwisho iliwekwa chini ya SS, kikosi cha chama cha Nazi kilichosimamia kambi za mateso, kuanzia mwezi Machi 1943. Wafanyakazi wengi walitoka katika Umoja wa Kisovyeti wa wakati huo, wakiwemo Waukraine na Warusi, na walikuwapo pia Wayahudi walioletwa kutoka Ufaransa. Walifanya kazi kwa saa nyingi, chakula kikiwa kidogo na kipigo kikiwa cha kila siku. Kwa miongo mingi idadi ya waliokufa ilibishaniwa, wengine wakitaja mamia machache na wengine makumi ya maelfu. Uchunguzi uliofanywa na jopo la wanahistoria kwa ombi la serikali ya Uingereza, na ripoti yake kutolewa mwezi Mei 2024, ulikadiria kwamba waliokufa kisiwani humo walikuwa kati ya watu 641 na 1,027.

Kwa hiyo, ukirudi Alderney, usiishie kwenye mnara mrefu wa zege ambao kila mgeni huupiga picha. Nenda mpaka mahali ilipokuwa kambi ya Sylt, karibu na uwanja wa ndege, ambapo zimesalia nguzo za lango. Ni vitu vidogo kwa macho, lakini bila kuvitazama mtu hawezi kusema ameiona kazi ya zege ya Alderney.

*Bwana Mhariri, ninaishi Lille na ninapenda kwenda pwani na marafiki. Je, ni salama kuingia ndani ya majengo haya? Rafiki yangu mmoja anataka kununua kifaa cha kutafutia vyuma ardhini. — J. B., Lille*

Ndugu J. B., yale yaliyofunguliwa kama makumbusho ni salama, na mengi yana waelekezaji wazuri. Yaliyoachwa msiingie, isipokuwa mnapoona mwanga kutoka mwisho hadi mwisho na sakafu yote ikiwa wazi mbele yenu. Ndani ya vyumba hivyo kuna mashimo ya ngazi yaliyopoteza vifuniko, maji yaliyotuama gizani, na nondo zilizotokeza kama mikuki. Chumvi ya bahari hupenya kwenye nyufa na kukifikia chuma kilichomo ndani ya zege, chuma kikishika kutu kinavimba, na kikivimba kinaisukuma zege mpaka ibanduke. Kipande kikubwa kinaweza kuanguka siku tulivu kabisa bila onyo.

Hatari ya pili ni bahari. Majengo mengi yaliyojengwa juu ya vichuguu vya mchanga au ukingoni mwa majabali leo yamelala ufukweni, kwa sababu ardhi iliyoyabeba imeliwa na mawimbi. Wissant, ambako si mbali na kwenu, mifano ilikuwa mingi. Msomaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki anajua maana ya bamvua, lakini asidhani kwamba maji ya huko yanafanana na ya kwetu. Kwenye Mlango wa Bahari tofauti kati ya kupwa na kujaa ni kubwa zaidi, na kwenye fukwe tambarare maji huja haraka na huweza kumzunguka mtu kwa nyuma. Tazameni ratiba ya maji kabla ya kuondoka nyumbani, na mgeuke mapema. Pia, njia ya juu ya jabali ikifungwa kwa kamba au kibao, imefungwa kwa sababu ukingo umemeguka.

Kuhusu kifaa cha rafiki yako, mshauri aache. Sheria ya urithi ya Ufaransa inakataza kutumia vifaa hivyo kutafuta vitu vya kihistoria bila kibali, na zaidi ya sheria kuna makombora ambayo hayakulipuka, ambayo bado huokotwa kila mwaka. Mkiona chuma chenye umbo la chupa au yai, msikiguse na msikisogeze. Wekeni alama ya mahali, ondokeni, na mpige simu 112.

*Assalaam alaykum Mhariri. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Mombasa. Asubuhi hutembea Ras Serani, karibu na mnara wa taa, ambako kuna majengo ya zege ya zamani ambayo vijana huyakalia wakila mihogo bila kujua ni ya nini. Wengine husema ni ya Wareno. Naomba ufafanuzi, na pia kama kuna mizinga iliyosalia. — Mwalimu A., Mombasa*

Waalaykumu salaam Mwalimu, na shikamoo. Wareno walikuwapo hapo kweli, kwani magofu ya ngome yao ndogo ya Mtakatifu Yosefu yako hapohapo Ras Serani, ndiyo maana mambo mawili yamechanganywa. Ila zege yenye nondo si ya Wareno, ambao walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Zege ni ya Waingereza, ya enzi za vita. Wote wawili walichagua mahali pamoja kwa sababu moja. Miamba ya matumbawe huizuia meli kubwa kuikaribia pwani yetu karibu kila mahali, na anayetaka kuingia Kilindini lazima apite kwenye mkondo wenye kina kati ya kisiwa na Likoni, mbele ya macho ya aliye Ras Serani. Simama hapo, Mwalimu, utaona mwenyewe kwamba hakuna haja ya kuilinda pwani yote ikiwa unaulinda mlango.

Hofu yenyewe ilikuwa ya kweli. Mwezi Aprili 1942 ndege kutoka manowari za Japani ziliushambulia mji wa Colombo tarehe 5 na bandari ya Trincomalee tarehe 9, huko Sri Lanka ya leo, na Waingereza wakapoteza manowari Dorsetshire, Cornwall na Hermes, hii ya mwisho ikiwa ya kubebea ndege. Amiri James Somerville akazirudisha nyuma meli zake za mwendo wa pole mpaka Kilindini, na bandari yetu ikawa ghafla makao ya kundi kubwa la manowari. Wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri waliletwa nao, wakawekwa katika shule ya Allidina Visram, na kutoka humo walifanikiwa kusoma ujumbe wa siri wa meli za mizigo za Kijapani. Tarehe 30 Mei mwaka huohuo nyambizi ndogo za Japani zilipenya katika bandari ya Diego Suarez, Madagaska, zikaijeruhi manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta. Aliyekuwa Mombasa akisikia habari hizo hakuwa na sababu ya kudhani kwamba zamu yake haitafika.

Haikufika. Hakuna manowari ya Japani iliyoushambulia mlango wa Kilindini, na ndiyo maana majengo yale hayana makovu. Lakini sikubaliani na wanaosema kwamba kwa hiyo vita havikutugusa. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache, na zaidi ya watu 1,200 walikufa. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina yao yameandikwa katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita jijini Nairobi, na ningefurahi sana kama shule za Mombasa zingewapeleka wanafunzi huko.

Kuhusu mizinga, ni kawaida kabisa kukuta kitako bila mzinga. Kitako hutambulikana kwa duara la skurubu nene sakafuni. Zege haihamishiki, lakini mzinga ni mali: huchukuliwa kwenda kwingine, na vita vikiisha huuzwa kama chuma chakavu. Pale Pointe du Hoc, Normandy, Wamarekani 225 walipanda jabali la mita 30 kwa kamba ili waikamate mizinga ya milimita 155, wakavikuta vitako vitupu. Mizinga ilikuwa imefichwa kando ya njia ya mashambani, kiasi cha kilomita moja ndani, nao wakaitafuta mpaka wakaiharibu.

Mfano mwingine uko karibu na wewe, Fort Jesus, ingawa ni wa vita vya kwanza. Hapo uwanjani kuna mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg na mzinga wa Pegasus, manowari ya Kiingereza ambayo hiyo Königsberg iliizamisha Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Königsberg yenyewe ilimalizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, lakini Wajerumani waliiopoa mizinga yake yote kumi, wakaitia magurudumu Dar es Salaam na kupigana nayo nchi kavu kwa muda mrefu. Mmoja ulifika hadi Ziwa Tanganyika, ukafungwa kwenye meli ambayo baadaye ikawa Liemba.

Ombi langu kwako, Mwalimu, ni kwamba kabla ya wazee waliokumbuka miaka hiyo kutuishia, uwaulize nani alifanya kazi pale Ras Serani, alilipwa nini, na taa zilizimwaje mjini usiku. Andika, kisha peleka nakala kwa wahifadhi wa Fort Jesus. Unapopiga picha za majengo, elekeza kamera kwenye zege tu. Ng'ambo ya maji, Mtongwe, kuna kituo cha jeshi la wanamaji, na kuomba idhini mapema kutakuepusha na usumbufu.